Mshono Chini ya Kadi

Jumatatu, tarehe 18

Mdogo wangu,

Kompyuta yangu ilikufa Jumapili ya tarehe tatu, saa kumi na moja jioni, nawe ulikuwa umekaa kando yangu. Nimetanguliza msiba, salamu zije nyuma yake. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima wa mwili. Moyo usiuulize.

Unajua nilivyoihangaikia. Tangu siku zile walipokuwa wakinifukuza kwenye chumba cha gemu, eti msichana nikacheze na wenzangu, nilijiapia nitakuwa na mashine yangu, na sitaomba zamu kwa mtu. Miezi kumi na minne nilichora kwenye daftari la hesabu. Kadi ya picha milimita 285, kasha nililolikata na kulichomelea mwenyewe 310, hewa ibaki 25. Ulinicheka, ukasema dada anapima kompyuta kama geti. Nilikujibu kwamba geti langu halijawahi kugoma kufunga.

Jumamosi ile ulipokuja kunitembelea, nilikuacha nyumbani nikaenda kufunga mlango wa mteja. Jumapili nikabonyeza swichi. Feni hata moja haikuzunguka. Harufu ya kuungua tu. Ukawahi kusema ni soketi aliyoifunga fundi umeme wa chumba cha pili, kwamba yule mzee kazi zake ni za kubahatisha.

Nami nikaenda kumvaa mbele ya wateja wake. Alipokana kosa, nilimwita mganga asiyekubali kwamba mgonjwa amemfia mkononi. Hakupandisha sauti. Alikuja na mita yake, akapima soketi mara tatu, akaniambia, binti yangu, umeme wangu hauna kosa, kamuulize aliyeishika mashine. Nilimwambia asinifundishe kazi. Mwenye jengo alisikia, akasema fundi wa kuunguzia watu mali hamtaki. Amempa hadi Ijumaa hii, saa nne asubuhi, aondoe vitu vyake. Miaka kumi na tisa yuko kile chumba.

Sasa sikiliza. Nilifungua kasha niokoe feni. Chini ya kadi nikakuta kipande cha bamba, upana wa vidole viwili, kimechomelewa kuishikilia isiiname. Hakimo kwenye daftari langu. Mshono ni kama mwandiko, mdogo wangu, na huo nimeufundisha mimi. Kila unapomaliza unanyanyua fimbo ya kuchomelea haraka, unaacha kichunusi. Vichunusi vilikuwa vitatu. Na matone ya chuma yaliyorukia bodi kuu ya kompyuta yamegandia pale pale, maana yake hukuitoa. Ulifunga waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, kwenye kasha, ukapitisha ampea tisini kwenye kitu kinachoishi kwa volti kumi na mbili! Ni mara ngapi nimekuambia, kabla ya kuchomelea gari la mtu, chomoa betri kwanza?

Najua kwa nini ulifanya. Ulinisikia nikilalamika kwamba kadi imeinama milimita nne. Nimekipima kipande chako: kimeinyanyua nne kamili. Ungeniuliza tu.

Lakini lililonifanya niandike si hilo. Kile kipande nilikiona Jumapili ya tarehe kumi. Leo ni siku ya nane. Siku zote hizo nimepita mbele ya mlango wa yule mzee, nikimwona anafunga nyaya kwenye maboksi, nikanyamaza. Niliona heri aondoke yeye kuliko wewe kuitwa mwongo mtaani. Mashine uliiua wewe. Huu unyamavu ni wangu, na ndio unaoninyima usingizi.

Wasalimie wote hapo, mkeo hasa. Mwambie sufuria yake nimeitengenezea mpini.

Barua hii nimempa dereva wa lori la vyuma, atakufikishia kesho. Sitaki hadithi ya soketi. Ulichomelea bodi ikiwa ndani, ndiyo au siyo? Jibu linifikie kabla ya Alhamisi saa sita mchana, uje kulisema mwenyewe kwa mwenye jengo. Usipokuja, nitakwenda na kile kipande mkononi, na mshono wako utakusemea.

Dada yako,
aliyekufundisha kushika fimbo