Wino Mwekundu kwenye Dole Gumba la Mama

Mtoni, Temeke
Jumapili

Kaka yangu Athumani,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa na mama ndivyo alivyonifunza, ila ujue nakuamkia huku nimeuma meno. Hujambo wewe, wifi na watoto? Mto umerudi kwenye njia yake? Mpunga uliosalia umeota? Na mama je, hajambo? Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka jibu, maana barua yako ilieleza habari za kila mtu isipokuwa afya yake.

Mimi nashukuru Mungu. Mkono wa kushoto umevunjika na umetiwa plasta, jicho moja limefumba, na uso umenivimba kama andazi lililozidi hamira. Bahati nzuri naandikia wa kulia. Usianze kunionea huruma, soma kwanza.

Barua yako aliniletea Mfaume mwenyewe, jirani yenu hapo, Jumatatu, pamoja na magunia yangu ya mkaa. Akaketi kwenye benchi la bandani kwangu kusubiri wali, na mimi nikasimama karibu na jiko kuisoma. Unasema watu wa mradi waliokuja baada ya mafuriko hawakuleta unga wala mbegu kama tulivyozoea. Waligawa hela, mkononi, kwa wajane, na hawakutaka kazi wala marejesho. Unasema mama alirudi na noti kwenye pindo la kanga na damu kwenye dole gumba, na wajane wenzake vivyo hivyo, ndipo kijiji kizima kikajua kwamba wale ni mumiani na wamenunua damu za watu. Wenzake wamezitupa hela zao mtoni kwa woga. Mama amekataa. Kwa hiyo umemtoa nyumbani kwako na sasa analala kwenye dungu la shambani, mwanamke wa umri ule, na nguruwe wanapita chini yake. Wazee wamempa mpaka Ijumaa hii inayokuja. Azichome zile noti mbele ya watu, la sivyo dungu litawashwa yeye akiwa juu.

Na wewe, mtoto wa tumbo lake, unaniandikia kunishauri nimwambie akubali, kwa sababu mimi ndiye mtu anayemsikiliza.

Kaka, wali uliungua. Wateja walipiga kelele na mimi sikusikia.

Sikuwa hata nimeikunja barua yako alipotokea kijana mmoja na mkoba begani, kavaa shati jeupe lenye vumbi la safari. Akauliza, "Samahani, Zaituni wa Bi Mwanahawa ndiye nani?"

"Ndo mimi."

"Shikamoo dada. Naitwa Elisha. Natoka kwenu, mama yako amenituma nikuone."

Kiswahili chake kilikuwa cha Bara, kilichonyooka. Nikamkaribisha, nikampa maji ya kunawa na sahani ya wali maharage. Nilikuwa na hamu ya kumuuliza mambo mia, lakini mtu mwenye njaa hahojiwi. Hakuwahi kumeza tonge la kwanza. Mfaume alishasimama.

"Huyu! Huyu ndo yule wa mradi! Ndo anayewatoa damu bibi zetu!"

"We Mfaume, kaa chini ule."

"Sikai, dada Zai, sikai! Mumiani huyu! Jamani, mumiani!"

Angepiga kelele ya mwizi, labda mmoja wao angeuliza kaiba nini. Mumiani hana wa kumuulizia. Walitoka kwenye mitumba, walitoka kwenye mkaa, makuli walioshuka kwenye malori ya Kurasini wakaacha vyakula vyao. Watu ninaowapikia kila siku, kaka, najua nani anapenda ukoko na nani hali pilipili. Wa kwanza alimpiga Elisha na nondo mgongoni, akaanguka na sahani yangu. Wa pili akamkanyaga mdomo. Niliona meno kwenye mchanga, na niliona mwanamume mzima anayaokota kuwaonyesha wenzake.

Wakaupindua mkoba. Kikadondoka kijaluba cha wino, kile cha kuchovya dole gumba na mihuri, kikafunguka, na wino ukatapakaa. Mwekundu.

"Damu! Oneni wenyewe, damu!"

Hapo sikuona tena nyuso, niliona mikono tu. Nikabeba sufuria ya maharage iliyokuwa inatokota, nikaimwaga yote miguuni mwao. Mfaume ndiye aliyepata kubwa, amebabuka mpaka magotini, alilia kama mtoto. Sijuti. Ningekuwa na sufuria ya pili ningeimimina pia. Kuna mmoja akanipiga na mpini wa koleo, nikausikia mfupa wangu ukikatika, nikaanguka juu ya Elisha, na nikabaki hapohapo juu yake kwa makusudi. Wakanipiga mateke kunitoa. Nikamng'ata mmoja wao muundi, nikahisi chumvi yake.

Ndipo nikaona tairi linaviringishwa linakuja, na harufu ya petroli.

Nikakikamata kile kijaluba kwa mkono uliobaki mzima, nikakilamba. Nikautoa ulimi nje kama mwendawazimu, mwekundu, niwaonyeshe.

"Wino, mbwa nyie! Wino wa muhuri! Lambeni! Damu gani inakuwa na ukali huu?"

Wengine walisita. Kule kusita ndiko kulikotuokoa, maana kulimpa nafasi Baba Neema, dereva wa Kichaga anayekula kwangu akitoka kupakia bandarini. Alilirudisha lori lake kinyumenyume katikati ya watu huku anapiga honi, wakatawanyika, akatupandisha, akatupeleka hospitali. Damu ya Elisha imebaki kwenye kiti chake na hajataka kuifuta.

Sasa nisikilize, maana haya aliniambia Elisha mwenyewe kitandani, kwa mdomo usio na meno ya mbele, na ilibidi niinamishe sikio.

Wino wao ulikuwa wa bluu. Ulikaukia njiani kwa jua. Duka la pale kwenu lilikuwa na mwekundu peke yake, akaununua, akasema wino ni wino. Hakukulia pwani. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu ukimpa bibi hela ya bure na ukamrudisha kwake na kidole chekundu, umeshamtangaza. Kosa lake ni hilo tu, kaka. Na nyinyi mnaojua kusoma hamkukiosha hata kile kidole kwa sabuni mkaona.

Halafu akanieleza jinsi mama alivyozipokea. Alipowekewa noti mkononi aliketi chini pale pale akauliza, "Nani kafa?" Maana mama hajawahi kushikishwa hela na watu wasiomtuma kazi isipokuwa alipofiwa na baba, wakati wa ubani. Na watoto wake ni wawili, wewe ulikuwa umesimama pale, aliye mbali ni mimi. Alidhani wageni wameleta ubani wangu. Alilia, akagoma kuchovya kidole. Ikabidi Elisha amwapie kwamba hakuna aliyekufa, na kwamba akirudi Dar atapita Mtoni anione kwa macho yake, kisha kwenye mgao wa awamu ya pili amletee mama habari. Ndiyo maana alikuja. Mradi haukumtuma kwangu.

Baada ya kuapiwa, mama alimwambia atakachofanya na zile hela. Bati, jembe, mbegu za mpunga, na mbuzi jike. Tangu baba afe hajawahi kununua kitu bila kukuomba wewe kwanza. Nadhani hapo ndipo panapokuuma, kuliko damu. Wewe ulikosa kwa sababu una baiskeli na mke, na watu wa mradi walitaka wasio na kitu. Wenye duka nao walinuna kwa kuwa safari hii wajane wasingekuja kukopa. Nimefikiri sana hospitalini, sikuwa na kazi nyingine. Unga ungekuja, mngegawana kama kawaida, viongozi kwanza. Hela imewekwa kwenye mkono wa mwanamke na mnataka kuuchoma mkono.

Barua hii inakuja na basi la kesho. Daktari amenizuia mpaka Jumatano, Alhamisi nitashuka hapo stendi. Nataka nimkute mama nyumbani, kwenye kitanda, na hela yake kwenye pindo la kanga yake. Nikikuta dungu limewashwa, au nikikuta unywele wake umeguswa, shikamoo niliyokupa juu naichukua, na nitakupiga na mpini kwa mkono huuhuu wa kulia mbele ya wanao. Umenijua tangu utotoni, unajua sitishi watu kwa mchezo.

Nisalimie wifi, mwambie achemshe maji ya mama ya kuoga. Nisalimie shangazi mkubwa, aliyetulea wakati mama anaumwa; yeye ndiye peke yake najua hakuinua kiberiti. Mpe salamu mwalimu wa madrasa, na umpe barua hii awasomee wazee baada ya sala, asiruke neno, hata pale nilipotukana. Mke wa Mfaume mwambie mumewe yu hai, yuko hospitali chini ya askari, miguu ina majeraha, na ajiandae kukaa bila yeye muda mrefu.

Mama usimsomee. Mwambie tu kwamba yule kijana alifika, aliniona, nikiwa mzima na nauza. Akiuliza atarudi lini, nyamaza, nitamjibu mimi Alhamisi.

Elisha alikata roho jana mchana, kaka. Nimezungukazunguka barua nzima nikashindwa kuliandika. Ana mama huko Bara, mjane naye. Hapa tumemchangia rambirambi, madereva na wale walioona aibu. Baba Neema anaondoka nazo leo, akamwekee mkononi.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja,
Zaituni