Chafya ya Mtoto

Olenguruone,
11 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Gedion,

Pokea salamu kutoka kwetu huku kwenye baridi. U mzima? Najua kila barua huanza hivyo na mwandishi hasubiri hata jibu, lakini leo nauliza kweli. Umekuwa mteja tangu Pasaka, kila tukipiga simu hupatikani. Barua hii nampa Khaemba, yule mliyesafiri naye kwenda Doha. Anarudi kazini Jumatatu, na ameahidi kukutafuta huko ulikohamishiwa.

Sisi hatujambo. Mvua imekuja vizuri, viazi vinapendeza, na yule ng'ombe wako mkorofi bado anampiga teke kila anayemkama isipokuwa Mama.

Mke wangu Jepkemei amejifungua mvulana. Mama na shangazi Cheruto wakakaa naye jikoni kumwitia majina ya watu wetu waliokufa, jina atakalolipigia chafya liwe lake. Mimi shemasi nilinung'unika kidogo kuhusu mambo hayo ya kale, kisha nikaenda kusikiliza mlangoni.

Wakamwita babu, wakamwita Baba, wakamwita hata yule mzee mlevi wa Molo. Mtoto kimya. Mama alikuwa amechoka, na mdomo wake umezoea kukutaja katika kila sala, ya chakula na ya kulala. Akasema, "Gedion." Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Shangazi alisema, "Huyo hatuiti, ako kazini tu. Hebu tuendelee." Wakaendelea mpaka moto ukafifia, na mtoto akalala zake.

Pasta anasema ulikuwa moshi wa kuni. Nami nawaambia watu hivyo hivyo. Lakini naogopa, Gedion. Jana Mama alinyoa nywele zote, kama alivyonyoa tulipomzika Baba, na kwenye sala ya chakula hakukutaja. Baadaye nilimsikia akimbembeleza mtoto kwa jina lako.

Tafadhali tafuta simu, hata ya kuazima, Mama asikie sauti yako. Jina hilo bado ni lako. Mtoto tutamwitia upya.

Jepkemei anakusalimu sana, na shangazi Cheruto vilevile. Mama hakutuma salamu. Nilipomwambia nakuandikia, aliniuliza barua nitaipeleka wapi.

Mungu akufunike popote ulipo.

Nduguyo akupendaye na anayekungoja,
Kipkirui