Kivuko Alichokikosa Bi. Asbjørg

CHAMA CHA WENYE MAGARI YA UMEME, BONDE LA SVENDAL
Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Jumatano baada ya Pasaka, ukumbi mdogo wa zimamoto, saa kumi na mbili jioni.

WALIOHUDHURIA
Bi. Gunnvor Lian – Mwenyekiti
Bw. Eilif Tverrå – Mpanga njia
Bw. Hallstein Bakkejord – Mjumbe
Bi. Oddrun Myrvang – Katibu
Bi. Asbjørg Sandvær – Mwanachama, kwa mwaliko

ASIYEHUDHURIA
Bw. Torgeir Vikan – Mjumbe. Udhuru: bado yuko kwenye kibanda chake mlimani, theluji ni nzuri kwa kuteleza.

KUMB. NA. 1/PASAKA: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wasimame kumkumbuka Bw. Arnljot, kaka yake Bi. Asbjørg, aliyefariki nyumbani kwake kisiwani usiku wa Ijumaa Kuu. Wajumbe walisimama. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa na ikapoa vikombeni.

KUMB. NA. 2/PASAKA: ILIVYOKUWA SAFARINI
Mwenyekiti alieleza kwamba kila Pasaka chama husafiri kwa msafara hadi pwani. Mwaka huu Bi. Asbjørg, ambaye macho yake hayamruhusu tena kuendesha mbali, aliomba kiti kwenye gari la Bw. Hallstein, ashushwe gatini apande kivuko cha kwenda kisiwani. Mpango wa Bw. Eilif ulikuwa magari yachaji mara moja tu, kwenye kituo cha juu mlimani, kwa kuwa kutoka hapo hadi gatini hakuna chaja nyingine.

Msafara ulipofika kituoni, siku hiyo ya Ijumaa Kuu, chaja moja ilikuwa imefukiwa na theluji iliyosukumwa na greda. Ya pili ilikuwa na gari ambalo betri yake imejaa na mwenyewe hayupo. Wanachama walipanga foleni nyuma yake na kungoja ndani ya magari. Foleni ilikuwa nzuri sana, hakuna aliyepiga honi. Katibu naye alikuwemo, akifuma soksi. Walipofika gatini, kivuko cha mwisho kilikuwa kimeondoka.

Bw. Hallstein alisema yeye alitaka magari yachajiwe mjini kabla ya kupanda mlima, kwa sababu baridi hula betri, lakini mpanga njia hasikilizi mtu. Bw. Eilif alijibu: "Hilo umelisema jana, Hallstein. Asubuhi ya safari ulisema kahawa ya kule juu ni tamu zaidi." Mwenyekiti aliwataka wajumbe warudi kwenye ajenda.

KUMB. NA. 3/PASAKA: MWENYE GARI LILILOJAA
Mwenyekiti aliarifu kwamba mwenye gari lile alisikia habari za msiba akampigia simu, na alikuwa akilia. Siku ile alikuwa mgahawani hapohapo kituoni, amekaa dirishani, anakula vafeli, vile vikate vya moto, kwa jemu. Alisema: "Niliwaona mmetulia, nikadhani mnapumzika. Mngeniita tu, ningetoka na kijiko mkononi."

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakuna aliyeingia mgahawani. Bw. Hallstein alisema haingii akilini mtu kuingia mahali wageni wanakula aanze kuuliza gari ni la nani. Hakuna mjumbe aliyempinga, maana kila mmoja angefanya vivyo hivyo, na alifanya. Katibu anaona uchungu kuliandika hili.

Bi. Asbjørg aliomba kusema. Maneno yake yameandikwa yalivyo: "Msigombane. Hata mimi sikuwaambia. Binti yake Arnljot alinipigia asubuhi ile, akasema baba hafiki Jumapili. Nikawaza, watu wako likizo, wana machungwa yao ya Pasaka na watoto wao, niwaharibie Pasaka kwa nini? Nikasema tu itakuwa vizuri tukiwahi kivuko."

Bw. Hallstein alikiri kwamba aliyasikia maneno hayo, akamjibu kuwa watawahi. Akauliza: "Lakini ulisema 'itakuwa vizuri', Asbjørg. Ningejuaje?"

Bi. Asbjørg akajibu: "Kwa mtu wa kwetu, huko ndiko kupiga yowe."

Alieleza kwamba kutoka gatini aliiona taa ya barazani kwa kaka yake, ng'ambo ya maji. Arnljot alikuwa ameagiza isizimwe. Baadaye binti alimsimulia kwamba Arnljot aliposikia kivuko kinatia nanga, alimuuliza binti yake kama kimefika, akaambiwa kimefika. Akauliza, "Na Asbjørg?" Kulipokucha taa ilikuwa bado inawaka.

Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa muda mfupi. Bw. Eilif alikwenda kusimama kwenye ngazi za nje.

KUMB. NA. 4/PASAKA: AZIMIO
Mpanga njia alipendekeza kwamba kuanzia sasa anayengoja chaja aingie ndani aulize gari ni la nani. Bw. Hallstein aliomba yaongezwe maneno "pale inapofaa". Bi. Asbjørg alisema, "Ukiandika hivyo hatauliza mtu." Maneno yaliondolewa. Azimio lilipita kwa kauli moja. Bw. Hallstein alinyoosha mkono wa mwisho, lakini aliunyoosha juu kabisa.

KUMB. NA. 5/PASAKA: MENGINEYO
Mazishi ni Jumamosi, kisiwani. Bw. Eilif alieleza kwamba wakiondoka baada ya chai ya asubuhi, kivuko cha mchana kitatosha kuwafikisha kabla ya ibada. Wajumbe wakamtazama Bi. Asbjørg, wakingoja aseme kwamba hakuna shida, kama asemavyo siku zote.

Bi. Asbjørg aliweka kikombe chini. Alisema: "Hapana. Nataka kivuko cha kwanza. Na nataka mje wote."

Bw. Eilif aliifungua ramani upya. Bw. Hallstein alisema atampitia nyumbani kungali giza, na kwamba atagonga mlango mpaka afunguliwe.

KUFUNGA
Mwenyekiti alifunga kikao saa mbili usiku. Wajumbe walibaki wamekaa.

Gunnvor Lian
Mwenyekiti ......................

Oddrun Myrvang
Katibu ......................