Mzee Kilindo na Mfiwa Wake

Mbuchi, 24 Mei 2024

Kwa mwanangu Zuhra,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila kiuno changu kinaninunia tangu nilipomsukuma kiboko aliyelala njiani. Habari hiyo nitakupa siku nyingine. Huko Kibiti cherehani inazunguka? Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu yangu ilizama siku ile ya msiba. Barua nampa Tamimu wa boti ya Nyamisati, nawe nijibu kwa huyo huyo. Maandishi uyavumilie. Niliishia darasa la nne, na la nne lenyewe nililisoma kwa kuchungulia dirishani.

Mdogo wako Nasibu yupo kwangu, anakula kidogo, haongei. Anakaa barazani kutwa analitazama kasia la marehemu baba yenu. Dawa yake nimeipata kwenye ule mchezo wa redio wa Alhamisi alasiri. Najua nawe unausikiliza. Jana ulisikia? Chande baba yake kaliwa na Ziwa la Moshi, matanga hayajaanuliwa, mlezi wake Mzee Kilindo anakuja, anamwinua mkekani, anampa mkuki wa marehemu. Akamwambia, "Ziwa lililomla baba yako ndilo litakalokulea." Nilijipiga paja. Huyo ndiye mlezi. Watu wa hapa wanamwita katili, hawajalea hao. Mimi baba alinitupa mtoni nina miaka minne, nikarudi na kambare kila mkono.

Hata siku ile, kama si moyo huo, mamba angetula wote wawili, mimi na kaka Haruna. Nilimchapa ngumi ya pua akaenda zake. Ila kaka alikuwa keshakwenda.

Baba yako mdogo,
Mtoro, Chui wa Mlango wa Chungu


Kibiti, 28 Mei 2024

Shikamoo baba mdogo,

Pole na kiuno. Mimi sijambo, kazi ipo, usingizi ndio haba.

Huo mchezo umetugawa hapa kibandani. Bodaboda wanaokaa nje wako upande wako: mwanamume halii, apewe kazi. Sisi wa cherehani tunamlaani Kilindo. Si kwa sababu ya mkuki, mkuki angempa tu siku moja. Hakumuuliza yule kijana hata mara moja kama amelala, au nini kinamtisha. Fundi wetu mkubwa, Salima, aliwaambia akiwa na mkasi mkononi, "Anayemharakisha mfiwa ana kitu chake anachokikimbia." Wakamcheka. Mimi sikucheka.

Baba, kwenye matanga ulituambia ni mkondo uliopindua mtumbwi, ukaogelea na baba mgongoni mpaka nguvu zikakuishia. Sasa ni mamba. Waliomwosha hawakutaja jeraha. Sikushikii maneno, nataka tu kujua baba yangu alikufaje.

Na lile kasia lisiguswe mpaka arobaini ipite, ndivyo babu alivyotuachia. Nasibu mwache alie.

Mwanao,
Zuhra


Mbuchi, 1 Juni 2024

Mwanangu Zuhra,

Nimeipokea barua, na afya iko imara kama gogo la mkoko. Huyo Salima ana mume? Mwenye mkasi mkononi kila kitu anakiona kitambaa. Mwambie Kilindo analea shujaa, hashoni gauni.

Mamba na mkondo vyote vilikuwepo. Mamba alikuwa ndani ya mkondo. Mtu akiwa vitani hahesabu.

Sasa usikasirike. Kasia nimelitoa ukutani Jumatano, nikampa Nasibu. Alirudi nyuma nalo mpaka likagonga nguzo. Nikamwambia maneno ya Kilindo, yale yale. Siku ya kwanza tulikwenda mpaka penye mashamba ya mpunga, ya pili mbele kidogo. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Baba, siku ile dumu lilikuwa wapi?" Lile la lita ishirini tunalolifunga mtumbwini ili likuokoe ukipinduka. Nikamwambia apige kasia, maneno hayaendeshi mtumbwi.

Alhamisi maji ni ya bamvu, yatajaa kupita siku zote. Ndiyo siku yake. Atakwenda peke yake mpaka Mlango wa Chungu, pale pale palipozama baba yake, arudi maji yakianza kupwa. Chande naye alikwenda peke yake.

Baba yako mdogo,
Mtoro, Mlezi wa Mashujaa


Kibiti, 4 Juni 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Usimpeleke Nasibu. Bamvu ndiyo iliyomchukua baba, na wewe wajua.

Aliyekuuliza habari za dumu hakukosea. Siku ya msiba nililiona barazani kwako, kamba yake imekatwa kwa kisu. Nikanyamaza kwa kuwa watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa unalia.

Chande ni wa redioni. Akifa, Alhamisi nyingine wanaweza kumfufua. Nasibu ninaye mmoja.

Nakuja Jumamosi na boti. Tamimu ameahidi kukupa hii mkononi kesho. Nakuomba, baba, umweke nyumbani mpaka nifike.

Zuhra


Mbuchi, 7 Juni 2024, asubuhi

Zuhra mwanangu,

Barua niliipata Jumatano. Nilisoma mpaka penye dumu, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nimeimaliza leo.

Nasibu aliondoka jana asubuhi. Maji yamepwa, yamejaa, yamepwa tena. Mitumbwi miwili ilikwenda kumtafuta, imerudi na kasia la baba yenu. Mtumbwi wake hawakuuona. Wanasema huenda ameshika mikoko mahali.

Jana alasiri nilifungua redio. Chande alimwita Kilindo mara tatu kutoka majini. Nikaizima. Sijui iliishaje.

Hapakuwa na mamba. Tulipinduka, na mimi sijui kuogelea. Miaka arobaini na tisa naishi na maji haya, sijui. Kaka peke yake ndiye aliyejua, na hakunitania hata siku moja mbele za watu. Yeye ndiye aliyenisukumia dumu. Kamba yake ilikuwa bado imefungwa mtumbwini, nikaikata. Akaniambia, "Mtoro, usiniache, mguu umenasa kwenye wavu." Kisu kilikuwa mkononi mwangu, Zuhra. Sikugeuka nyuma.

Nasibu ana macho ya baba yake. Kila akinitazama pale barazani nilitaka aende kokote, aache kunitazama. Hilo la ushujaa nilijidanganya. Mwambie Salima hakukosea.

Watu wanasema ningoje boti ya mashine. Mimi nakwenda Mlango wa Chungu sasa hivi, kabla maji hayajaanza kujaa. Barua hii nampa Tamimu.

Dumu nimelichukua, nimelifunga kamba mpya. Safari hii ni la Nasibu.

Baba yako mdogo