Koti Lililochakaa Begani

Mjukuu wangu Nekesa,

Nakusalimu kutoka Busia. Bibi yako amepona mguu, na mihogo imetukubali mwaka huu.

Umeniuliza maana ya "threadbare". Husemwa juu ya nguo iliyosuguliwa na matumizi hata nyuzi zikabaki wazi. Nililisikia mara ya kwanza miaka ya sitini, tulipogawana nguo za marehemu baba baada ya matanga. Wazee walimpa kaka yangu Wandera, mwalimu kule Tororo, koti lililochakaa bega la kulia, mahali baba alipolaza mpini wa jembe. Wandera akalitamka neno hilo, kisha akalirudisha koti.

"Basi, mwalimu, tuachie sisi wa shambani," binamu yetu Ouma akacheka, akalivaa papo hapo.

Miaka ilipita, Wandera akaenda kwa Ouma kuliomba.

"Umechelewa, shemeji," mke wa Ouma akamjibu. "Kipande cha mwisho nilikiepulia sufuria mpaka kikaungua."

Wandera alipofariki, aliacha makoti mengi mazuri, na watu waliyagombea. Mimi niliyapapasa mabega, moja baada ya jingine. Yote yalikuwa mazima.

Ukae salama huko uliko.

Babu yako