Kabla ya Kufuta Diski ya Baba

Jumamosi, baada ya Maghrib. Kutwa hakukuwa na upepo hata chembe. Nguo nilizoanika darini zimekauka zikining'inia vile vile nilivyoziweka asubuhi.

Shajara yangu, leo nimesikia sauti ya Mama. Nimeiombea miezi saba, sala baada ya sala. Sasa nimeisikia, na ninaogopa.

Nianze na kompyuta, maana bila hiyo nisingejua lolote.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua nilivyoitukana laptop hii. Baba aliinunua kwa bei nafuu, na hata ilipokuwa mpya haikuwa na haraka. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo kompyuta haitoki chumbani kwa Baba, juu ya meza iliyo chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, waya umechomekwa ukutani daima. Asubuhi naiwasha, naenda kuosha vyombo, narudi, nayo bado inazungusha kile kiduara chake. Nikifungua vitu viwili kwa pamoja, feni inaunguruma na kila kitu kinasimama. Haraka haina baraka, nakubali, lakini hii ilipita kiasi.

Jumatatu naanza kazi mpya. Nitakuwa nawajibu watu wanaotaka vyumba katika nyumba moja ya wageni kule Ras Kitau, na nitaifanya nikiwa hapa hapa nyumbani. Mwenyewe aliniambia bila kuzunguka kwamba mgeni asipojibiwa upesi huenda kwingine, na mimi nitamfuata. Kazi hii nimeitaka kwa sababu moja tu. Sasa hivi kila alasiri mimi huenda kusomesha watoto Kurani, na Mama hubaki peke yake.

Mama hasemi.

Tangu Baba afariki hajanitamkia neno. Alikaa eda kimya. Siku ya kutoka edani wanawake wa mtaa walikuja kumwogesha na kumfukiza udi, akawa anawatazama tu. Hospitali walimpima wasione kitu. Ami yangu akaleta watu wakamsomea, nyumba ikajaa moshi wa ubani hadi tukakohoa sote isipokuwa yeye. Akitaka chumvi ananionyesha kwa kidole.

Basi Alhamisi nilimwita Mwalimu Mutua, mpangaji wa nyumba ya jirani, anayefundisha kompyuta shuleni. Ni mtu wa bara, mpole, na huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliikagua kompyuta akatikisa kichwa.

"Madam, RAM ni gigi nne tu. Hii Windows ni mzigo kwake. Weka Linux. Futa kila kitu uanze upya, itakimbia."

Akaniachia flash mbili. Moja ina Lubuntu, aina ya Linux iliyo nyepesi zaidi. Nyingine ina Mint ya Xfce, ambayo alisema haitanipoteza kwa sababu inafanana na niliyoizoea. Alinionya kwamba nikishafuta diski hakuna kurudi. Alipokuwa anavaa viatu akaongeza, "Lakini pia disk imejaa pomoni. Kwani uko na movies ngapi?"

Sina filamu hata moja.

Leo asubuhi, kabla ya kuhamisha vitu vyangu, nikatafuta kilichoijaza. Nikaikuta folda ya Baba iitwayo DARSA. Hiyo niliijua. Mwaka wake wa mwisho hakuweza tena kwenda msikitini, akawa anarekodi darsa ya alasiri inayotufikia kwa kipaza sauti kupitia dirishani. Ikifika saa kumi, skrini ikiwaka na kitone chekundu pembeni, alikuwa akiinua kidole na kutuambia mimi na Mama, "Nyamazani. Yasikiza," yaani kompyuta inasikiliza. Siku zote nilidhani anaibonyeza mwenyewe. Kumbe aliipangia saa, iwe inaanza yenyewe.

Faili zimejipanga kwa tarehe. Nikashuka nazo hadi wiki aliyofariki. Siku tuliyomzika ilikuwapo. Siku ya hitima ilikuwapo. Na ya kesho yake. Ziliendelea, moja kila siku, hadi jana.



Nikaifungua ya jana. Mwanzo ni msikiti kwa mbali, na punda analia kichochoroni. Kisha mlango ukalia. Kisha mwanamke akasema:

"Hodi."

Kimya kidogo.

"Nimekaribia."

Alikuwa Mama. Sauti imekwaruza kidogo, lakini ni ile ile iliyonilea. Sinia ikawekwa mezani. Kahawa ikamiminwa kikombe kimoja, ikamiminwa na cha pili. Hapo nikakumbuka vile vikombe viwili ninavyovikuta kila magharibi vimeoshwa na kupinduliwa. Nilikuwa nikidhani amesahau alichotumia, akachukua kingine.

"Yeo sikutia tangawizi, niwie radhi," alisema. Akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akacheka, kicheko chake cha zamani cha kuziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Hata huko hujawata utani wako!" Utani Baba hakuuacha hata mwaka ule wa mwisho.

Kikombe kikagusa sahani.

"Mwanao apata kazi ya kukaa papa hapa kutwa. Sasa mimi nawe tutaonana vipi?"

Kimya tena. Kirefu.

"Haya. Wewe ndiwe uyuao."

Niliisimamisha. Nikafungua nyingine, ya mwezi uliopita, na nyingine, na nyingine. Kila siku ni hodi, kimya, nimekaribia. Vituo vyake havilingani. Mahali pengine ni pumzi moja, mahali pengine anangoja hata nikadhani ameondoka, halafu anaitikia, "Ehe," na kuendelea. Niliongeza sauti hadi mwisho nikatega sikio pale aliponyamaza. Sikusikia kitu. Ni feni tu.

Nitaandika ukweli, ndiyo kazi ya ukurasa huu. Sikulia. Nilikasirika. Miezi saba naonyeshwa chumvi kwa kidole, na kumbe maneno yapo, ila wa kupewa si mimi. Nilimwonea wivu baba yangu aliye kaburini.

Kwa hasira hiyo nikachomeka flash, nikaiwasha kompyuta upya.

Lubuntu ilifunguka upesi, ila kila kitu kimehama mahali pake na sikuipenda. Nikajaribu Mint. Hii inakuruhusu kuitumia kwanza ikiwa juu ya flash, diski yako ikiwa imelala haijaguswa. Niliandika barua, nikafungua kurasa tatu, haikukwama hata mara moja. Feni ikanyamaza. Sikuwa nimewahi kukisikia chumba cha Baba bila ile feni, na sikukipenda kilivyokuwa. Nikabonyeza pa kusakinisha. Ikaniuliza swali moja: nifute diski yote, au Mint ikae kando ya mfumo uliopo? Mshale ulikuwa juu ya kufuta. Nilikaa nao hapo muda gani, sijui.

Leo watoto wa Kurani nimewapa ruhusa, nishughulikie kompyuta. Nilisahau kuangalia saa.

Mama alitokea mlangoni na sinia ya vikombe viwili. Hakunitazama. Aliitazama kompyuta, akitafuta kile kitone chekundu. Hakikuwapo, kwa sababu mfumo wa Baba ulikuwa umelala na saa yake.

"Hodi," akasema.

Akangoja. Hakuingia.

"Hodi."

Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Ndipo akanigeukia, akanitazama usoni kama hajaniona miezi yote hii, na akaniambia maneno yake ya kwanza.

"Babako menda wapi?"

Nilichomoa flash. Nikazima, nikawasha. Kiduara kikaanza kuzunguka, na mimi niliyekitukana miaka yote nikawa nakiomba, nakisihi kwa jina la Mola. Mama amesimama pale pale, kahawa inapoa. Nikajisikia nikimwambia, "Yuaja, Mama. Ngoja kidogo, yuaja." Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Feni ikaunguruma. Saa kumi na dakika kumi na tatu skrini ikatulia, ikaona saa yake imeipita, na kitone chekundu kikawaka pembeni.

"Hodi," Mama akasema.

Akasikiliza.

"Nimekaribia."

Sasa nimeamua. Kesho nitaazima diski ya nje kwa Mwalimu Mutua nihamishie darsa zote na hizi nyingine, nafasi ipatikane. Mint nitaiweka kando, katika sehemu yake, na ndani ya hiyo nitafanya kazi yangu. Mfumo wa Baba utabaki na sehemu yake, na uzito wake, na saa yake. Kila siku kabla ya saa kumi nitazima wangu niwashe wake. Wageni wa Ras Kitau watangoja kidogo, nitawaambia naenda kusali, na kweli nitakuwa nimesali. 

Nilitaka pia kuandika kwamba saa hiyo nitakuwa natoka, niwaachie chumba chao. Lakini leo, nilipoinuka nitoke, Mama alinishika mkono akanikalisha. Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na kikombe cha tatu. Akanimiminia. Akamweleza Baba juu ya nguo zangu zilizokauka bila upepo, na juu ya ami na ubani wake. Halafu akanyamaza, akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya mtu akizungumziwa.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, mengi ya miezi saba, na hapo ndipo palikuwa na nafasi. Sikusema. Nilishika kikombe changu nikatulia, nikimngoja Baba amalize.