Barua ya dada ukutani

Mwenzangu, dada yangu kaumbuka leo. Mbele ya walimu wote!

Kaiwasha laptop mkutanini, waya wa projekta keshauchomeka. Nembo ikatokea, kisha kioo kikawa cheusi tii. Kazima, kawasha. Cheusi!

Kumbe drayva, ile programu inayoendesha kioo, imeharibika, picha yote inakwenda ukutani. Na yeye kaupa ukuta mgongo!

Ikajifungua barua aliyoiacha wazi jana, ya kuomba kazi shule nyingine. Ukuta mzima! Yeye anabonyeza tu, "Samahanini, haionyeshi kitu."

Mwalimu mkuu akamjibu taratibu, "Inaonyesha, mwalimu. Mstari wa tatu unasema mkuu wako hana uwezo."

HANA UWEZO. Kaandika hivyo hivyo!

Akageuka, akaona. Akakaa sakafuni pale pale. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililommaliza.

Sasa kajifungia chumbani. Nimemwambia kwamba fundi anasema kuitengeneza laptop ni kazi ya dakika kumi tu.

Halafu akanijibu nyuma ya mlango, "Ile barua nilishaghairi kuituma. Nilisahau tu kuifuta."